Kijiji Kizima Kinajua, Mahakama Haijui: Uhalifu wa Vita Unavyochunguzwa Mashariki mwa Kongo

Tarehe 29 Novemba 2022 raia wengi waliuawa katika kijiji cha Kishishe, wilayani Rutshuru, Kivu Kaskazini. Siku chache baadaye idadi za waliokufa zikaanza kuzunguka kwenye simu, na hakuna mbili zilizofanana. Serikali ya Kinshasa ilitaja 50, kisha ikasema 272. Waasi wa M23, ambao ndio waliokuwa wakituhumiwa, walisema raia waliokufa ni 8 tu, tena kwa risasi zilizopotea njia. Tarehe 7 Desemba Umoja wa Mataifa nao ukatoa hesabu yake ya awali: raia wasiopungua 131 katika vijiji vya Kishishe na Bambo, wakiwemo wanaume 102, wanawake 17 na watoto 12. Kufikia Februari 2023 hesabu hiyo ilikuwa imepanda hadi 171.

Anayefuatilia habari hizi akiwa Dar es Salaam, Nairobi au Muscat ana haki ya kuchoka. Ni rahisi kukata shauri kwamba hakuna anayejua lolote, au kwamba wote wanadanganya. Lakini waliokuwa Kishishe siku ile wanajua. Wanajua nani alilala mlango wa tatu kutoka kanisani na hakuamka, na wengi wao wanaweza kueleza wauaji walivaa nini na waliongea lugha gani. Kilicho kigumu ni kuyatoa maarifa hayo kijijini na kuyafikisha mahali ambapo hakimu, au mtu yeyote asiye na upande, anaweza kuyategemea. Safari hiyo ndiyo inayoitwa uchunguzi, na watu wengi hawajawahi kuelezwa inavyokwenda.

Tuangalie ile 131 ilivyopatikana. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa hawakufika Kishishe, kwa kuwa eneo lilikuwa mikononi mwa wanaotuhumiwa. Walifanya kazi yao Rwindi, umbali wa kilomita kama 20, wakazungumza na watu 52, waathirika na mashahidi walioona kwa macho, pamoja na vyanzo vingine. Kila kifo kilichoandikwa kilipaswa kuwa na zaidi ya mdomo mmoja nyuma yake. Aliyeuawa bila jirani yake yeyote kufika Rwindi hakuingia kwenye hesabu ile. Kwa hiyo 131 ilikuwa sakafu, na wenyewe waliitangaza hivyo: hawapungui hapo. Ilipopanda hadi 171, waliosema "mnaona, wanabadilisha maneno" hawakuelewa kwamba kupanda huko ndiko kunakoonyesha kazi inaendelea. Mimi huamini zaidi idadi inayokua taratibu, ikieleza imetoka wapi, kuliko ile inayotangazwa kubwa na kamili siku ya tatu.

Jambo la pili linalochanganya watu ni kwamba wachunguzi si wamoja, na hawatafuti kitu kimoja. Ofisi ya pamoja ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo, iliyoanzishwa mwaka 2008, hutafuta kujua nini kilitokea, kwa nani, na ni kundi gani linaelekea kuhusika. Kundi la wataalamu wa Baraza la Usalama lenyewe hufuata silaha, dhahabu, fedha na amri, ili majina fulani yawekewe vikwazo. Mwendesha mashtaka wa kijeshi wa Kongo anamtaka mtu mmoja mwenye jina, cheo na kosa. Mahakama ya Kimataifa ya Makosa ya Jinai (ICC) huko The Hague inataka hayohayo, ila inawawinda wakubwa. Kisha kuna mashirika ya kiraia, ambayo mara nyingi ndiyo hufika kwanza, kwa pikipiki, na kuondoka mwisho.

Kiwango cha uthibitisho nacho kinatofautiana, na hapa ndipo hasira nyingi za wananchi zinapozaliwa. Ripoti ya haki za binadamu inaridhika na sababu za kutosha kuamini. Hakimu wa jinai hawezi kumfunga mtu mpaka pasibaki shaka yoyote ya maana. Ripoti inaweza kuwa ya kweli tupu, lakini ikifikishwa mahakamani peke yake isimtie hatiani mtu hata mmoja.

Mfano mkubwa kuliko yote ni ile inayojulikana kama Ripoti ya Mapping. Mwishoni mwa mwaka 2005 yaligunduliwa makaburi matatu ya halaiki Kivu Kaskazini, na Umoja wa Mataifa ukaona umefika wakati wa kuorodhesha matukio mabaya kuliko yote yaliyotokea Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Timu ilizunguka nchi nzima kuanzia mwishoni mwa 2008, ikahoji mashahidi zaidi ya 1,280 na kupitia nyaraka zaidi ya 1,500. Ripoti yenye kurasa zaidi ya 550 ilitoka tarehe 1 Oktoba 2010, ikieleza matukio 617. Kila tukio lilihitaji vyanzo visivyopungua viwili visivyotegemeana. Ilisema pia kwamba baadhi ya mashambulizi dhidi ya wakimbizi wa Kihutu, yakithibitishwa mbele ya mahakama yenye uwezo, yanaweza kuitwa mauaji ya kimbari. Rwanda ilikasirika, na hata kabla ripoti haijachapishwa ilitishia kuondoa askari wake kwenye ulinzi wa amani Sudan.

Miaka imepita, na mahakama ile "yenye uwezo" haijaundwa. ICC haiwezi kuyagusa mengi ya matukio hayo, kwa sababu mamlaka yake yanaanzia tarehe 1 Julai 2002, na sehemu kubwa ya yale 617 ilitokea kabla. Ripoti ilipendekeza mahakama zenye majaji wa Kongo na wa nje kwa pamoja. Pendekezo limebaki kwenye karatasi. Majina ya watuhumiwa hayakuchapishwa. Yako kwenye hifadhi ya siri ya ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa huko Geneva, na wengine kati yao wanazeeka kwa amani.

Turudi chini, kwenye kiti ambapo shahidi ameketi. Uchunguzi karibu wote unafanyika hapo, na hapo ndipo unapoharibika.

Mchunguzi mzuri anaanza kwa kumwacha mtu aseme hadithi yake mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha anarudi nyuma na swali moja ambalo atalirudia mara nyingi: umejuaje? Mama anasema, "walikuwa watu wa kundi fulani." Umejuaje, mama? Kwa sare? Sare zinaibwa na kuuzwa. Kwa lugha? Kinyarwanda kinazungumzwa na raia wa Kongo wengi, wenye ardhi na makaburi ya mababu hapohapo. Kwa sababu kila mtu alisema? Basi ni nani alisema kwanza, na yeye aliona? Maswali haya yanaweza kuonekana kama kumtilia mtu shaka siku aliyomzika mwanawe. Mchunguzi mwenye utu hueleza mapema kwa nini anauliza: wakili wa utetezi atauliza hayahaya, kwa ukali zaidi, na ni afadhali jibu liwe limeandikwa.

Asichopaswa kufanya ni kumwekea shahidi maneno mdomoni. "Je, kamanda fulani alikuwepo?" ni swali bovu, kwa kuwa jina limeshatajwa. "Nani alikuwepo?" ndilo swali. Tofauti hiyo ndogo imewahi kuangusha ushahidi wa miaka.

Kesi ya kwanza kabisa ya ICC, dhidi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo wa jimbo la Ituri, ilihusu watoto chini ya miaka 15 walioingizwa jeshini. Bunia, mji mkuu wa Ituri, ilikuwa ya hatari, na mzungu akishuka kwenye gari nyeupe mji mzima unajua. Ofisi ya mwendesha mashtaka ikawatumia wenyeji, walioitwa wapatanishi, kutafuta mashahidi na kuwasiliana nao. Kesi ikaanza Januari 2009, na ushahidi wa vijana hao ukaanza kupasuka mmoja baada ya mwingine: umri haulingani, shule hazilingani, wazazi hawalingani. Hukumu ya Machi 2012 ilisema wazi kwamba mwendesha mashtaka hakupaswa kuwaachia wapatanishi hao kazi yake ya uchunguzi, na kwamba upo uwezekano baadhi yao waliwashawishi mashahidi kusema uongo. Lubanga alitiwa hatiani hata hivyo, akapewa miaka 14. Kilichosaidia sana ni mkanda wa video wa tarehe 12 Februari 2003, uliopigwa katika kambi ya Rwampara, ukimwonyesha mwenyewe akiwahutubia wapiganaji ambao kwa kuwatazama tu unaona wengine ni watoto wadogo.

Ni vibaya kuwalaumu wapatanishi wote kwa hilo. Bila mwalimu, muuguzi au mwanaharakati wa kijijini hakuna mgeni anayeweza kumfikia shahidi bila kumweka hatarini, na wengi wao wameifanya kazi hiyo bila mshahara wala ulinzi. Kosa lilikuwa la waliowatwika jukumu lisilo lao, kisha wakakaa mbali.

Kukaa mbali kuligharimu pia kesi ya ICC dhidi ya Mathieu Ngudjolo, aliyedaiwa kuongoza wanamgambo wa Ituri na kushtakiwa kwa shambulio la kijiji cha Bogoro la tarehe 24 Februari 2003. Majaji walimwachia huru Desemba 2012. Walieleza kwamba ingefaa waendesha mashtaka wafike mahali alipokuwa akiishi na ambako shambulio lilidaiwa kupangwa, ili kupima wenyewe maneno ya mashahidi. Wakaongeza kwamba kumwachia hakumaanishi uhalifu haukutokea Bogoro. Ni kweli kisheria. Lakini fikiria wewe ndiye uliyefiwa pale, na unaelezwa hivyo.

Hapo tunafika kwenye fundo gumu kuliko yote: kutoka kwa aliyeshika panga hadi kwa aliyetoa amri. Novemba 2012 askari wa jeshi la serikali, wakikimbia baada ya Goma kuangukia mikononi mwa M23, waliingia mji wa Minova, Kivu Kusini, na vijiji jirani. Walipora na kubaka kwa siku kadhaa. Umoja wa Mataifa uliandika habari za waathirika zaidi ya 100 wa ukatili wa kingono. Askari 39 walishtakiwa, na wanawake walifika mahakamani wakiwa wamefunikwa vichwa na nyuso ili wasitambuliwe. Mei 2014 hukumu ikasomwa: waliotiwa hatiani kwa ubakaji ni askari wawili wa vyeo vya chini. Wengine wengi walipatikana na makosa kama uporaji. Mwanamke aliyebakwa gizani na watu asiowajua hawezi kumnyooshea mtu kidole, na wala haikuwa kazi yake. Kazi ya mchunguzi ilikuwa kujua kikosi gani kililala wapi usiku upi, chini ya nani, na kamanda yule alifanya nini alipopata habari. Mambo hayo yako kwenye daftari za jeshi na mawasiliano ya redio. Waathirika hawana funguo za makabati hayo.

Linganisha na Fizi, Kivu Kusini. Usiku wa mwaka mpya wa 2011 wanajeshi walishambulia mji wa Fizi na kubaka wanawake wengi. Waathirika waliwatambua baadhi yao, kwa sababu walikuwa wa kambi ya hapohapo, watu waliokutana nao sokoni. Mahakama ya kijeshi ilihamia Baraka ikasikiliza kesi mbele ya wananchi, na tarehe 21 Februari, hata miezi miwili haijatimia, kamanda wao, Luteni Kanali Kibibi Mutware, alipewa miaka 20 kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Tofauti na Minova ni mambo mawili: kasi, na kujulikana kwa kikosi.

Maneno ya mashahidi yanahitaji nguzo nyingine pembeni, na zipo za aina nyingi siku hizi. Makaburi yakifukuliwa na wataalamu, mifupa inaeleza kama mtu alipigwa risasi akikimbia au amefungwa mikono. Picha za setelaiti zinaonyesha kijiji kilikuwa kizima tarehe gani na majivu tarehe gani. Simu nayo imekuwa shahidi, kwa masharti. Video iliyopita kwenye makundi ishirini ya WhatsApp imepoteza karibu kila kitu ambacho mahakama ingekiuliza: nani aliipiga, wapi, saa ngapi, imekatwa au haijakatwa. Ndiyo maana zipo programu kama eyeWitness to Atrocities, ambayo hurekodi picha pamoja na mahali na wakati, kisha huifunga ili mabadiliko yoyote yaonekane. Septemba 2018 mahakama ya kijeshi ya Bukavu ilipokea picha zilizopigwa kwa programu hiyo katika kesi ya makamanda wawili walioshtakiwa kwa mauaji ya vijiji vya Kamananga na Lumenje ya mwaka 2012. Wote wawili walifungwa maisha.

Hivyo ukiwa na video halisi ya tukio, usiisambaze. Hifadhi faili ya kwanza kama ilivyo, andika pembeni tarehe na mahali, na itafutie mtu wa shirika linaloaminika. Nyuso za waathirika zinazosambaa mtandaoni huwafikia pia waliowatenda.

Kesi inayonipa matumaini kuliko zote ni ya Kavumu, kaskazini mwa Bukavu. Kuanzia 2013 watoto wa kike, mmoja akiwa na miezi tu, walikuwa wakichukuliwa usiku vitandani mwao, wakibakwa na kutupwa mashambani. Walipelekwa Hospitali ya Panzi ya Dkt. Denis Mukwege, ambako madaktari waliwashona na kuandika kila jeraha. Kwa muda mrefu polisi waliyashughulikia matukio hayo kama kesi mojamoja zisizohusiana, na kila faili lilifia peke yake. Mambo yalibadilika mwaka 2016, pale mashirika ya kiraia, madaktari na wanasheria walipowashawishi waendesha mashtaka wa kijeshi waziweke kesi zote mezani kwa pamoja. Zikiwa pamoja, zilionyesha namna ileile ya kuingia, eneo lilelile, umri uleule, na waliohusika wakiwa wanamgambo wa kundi moja lililojiita Jeshi la Yesu, chini ya mbunge wa jimbo, Frederic Batumike.

Watoto hawakusimamishwa mbele ya watuhumiwa. Walihojiwa mara moja na watu waliofunzwa kuzungumza na watoto, wakarekodiwa kwa video, na video ndiyo iliyokwenda mahakamani. Mahakama ilihamia Kavumu kwenyewe, mbele ya wazazi. Tarehe 13 Desemba 2017 Batumike na wenzake 10 walihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, na rufaa ya mwaka uliofuata haikubadilisha hukumu hiyo. Sijui mfano bora zaidi wa kuonyesha kwamba fundo hili linafunguka, ikiwa daktari, mwanasheria na mzazi watafanya kazi kwenye faili moja.

Kuhojiwa mara moja kuna uzito wake. Sehemu nyingine mwanamke yuleyule amehojiwa na shirika la kwanza, la pili, na mwandishi wa habari, na timu kutoka nje. Kila mara anafungua jeraha upya, na kila mara maneno yake yanatofautiana kidogo na ya jana, kama ya binadamu yeyote. Siku ya kesi wakili wa utetezi anaziweka karatasi nne mezani na kuuliza ipi ni ya kweli.

Hatari ya kazi yenyewe ni sehemu ya maelezo haya. Mwaka 1998 timu ya Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa iliyokuwa ikichunguza mauaji ya wakimbizi ililazimika kuondolewa Kongo, baada ya miezi ya kuzuiwa na hatimaye mmoja wao kukamatwa Goma, nyaraka zake zikatolewa nakala na maofisa. Machi 2017 wataalamu wawili wa Umoja wa Mataifa, Mmarekani Michael Sharp na Zaida Catalán wa Sweden, waliuawa katika eneo la Kasai, katikati mwa Kongo, wakiwa wanachunguza vita vya huko. Rekodi ya mazungumzo ya siku moja kabla ilionyesha kwamba mzee wa huko aliwaonya wasiende, ila waliokuwa wakitafsiri hawakuwafikishia onyo. Mkalimani waliyeondoka naye na waendesha pikipiki wao hawatajwi sana.

Wachunguzi wanaondoka, shahidi anabaki. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 waliiteka Goma, na katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Tarehe 14 Februari wafungwa walitoroka katika magereza ya Kabare na Bukavu, wakiwemo waliokuwa wamehukumiwa kwa uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Siku chache baadaye ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema imeanza kupokea maombi ya ulinzi kutoka kwa waathirika na mashahidi walewale ambao ushahidi wao ndio uliowafunga watu hao. Walinda amani wa MONUSCO, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo, walikuwa wameshaondoka Kivu Kusini tangu Juni 2024.